Mchezo Usio na Refa

(Muziki wa kipindi. Unashuka polepole. Sauti ya mawimbi na ya watoto wakicheza.)

Uwe Kiziba au Mahama, Kigeme, Mugombwa au Nyabiheke, au uwe hapa karibu nasi pale Nkamira, tunakusalimu. Wazee wetu, tunawasalimu kwa heshima. Vijana, hamjambo. Na nyinyi watoto mliosogea karibu na redio, leo zamu ni yenu, lakini msiwafukuze wakubwa. Yatakayosemwa yanawahusu nao.

Leo nazungumza nanyi kutoka Gisenyi, wilaya ya Rubavu, nimesimama kwenye mchanga wa Ziwa Kivu. Mbele yangu ni maji. Mkono wangu wa kulia, ukifuata ufuko, hutembei sana kabla ya kufika mpakani, na ng'ambo ya mpaka ni Goma. Nyuma, juu ya nyumba, ni mlima Nyiragongo. Wengi wenu mnaijua Gisenyi kwa jambo moja tu: mlipita hapa mkiwa na mizigo kichwani na watoto mgongoni. Wengine mlipita usiku ule wa Mei 2021, mlima ulipolipuka. Wengine mlipita katika miaka mingine, mkikimbia bunduki. Leo sikuja kuzungumzia mlima wala bunduki. Nimekuja kuzungumzia mfuniko wa ndoo.

(Mawimbi kidogo.)

Jumamosi iliyopita, jioni, nilikaa hapa nikiwatazama watoto kama kumi na watano. Wengine ni wa mitaa ya hapa hapa, wengine ni wa familia zilizovuka mpaka. Hawakuwa na mpira. Walikuwa na mfuniko wa ndoo ya plastiki, ile ndoo ya rangi ya kupaka nyumba. Walikuwa wamejigawa timu mbili, watano kwa watano, na waliobaki wanangoja zamu. Mmoja anarusha mfuniko, mwenzake anakimbia kuudaka, wapinzani wanajaribu kuuzuia.

Timu zilikuwa zimelingana. Mwenye kupata pointi moja zaidi angeshinda. Mfuniko ukarushwa juu, mvulana mmoja na msichana mmoja wakaruka pamoja, mfuniko ukaanguka mchangani. Mvulana akasema, "Faulo! Amenisukuma mkono." Hapo kelele zikaanza. Wachezaji wa upande wa msichana wakapaza sauti: "Mwongo! Hakuguswa! Cheza!"

Msikilizaji, mahali pale hapakuwa na refa, yule ambaye wengine mnamwita mwamuzi, na wengine kule nyumbani mnamwita arbitre. Hapakuwa na mtu mzima wa kuamua. Mimi mwenyewe nilikuwa nikitazama na sikuona. Kila kitu kilikuwa mikononi mwa yule msichana, ambaye umri wake ni kama miaka 14. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Ni kweli. Nilimsukuma."

Mvulana akapewa mfuniko. Akamrushia mwenzake, mwenzake akaudaka kwenye mstari wa mwisho, mchezo ukaisha. Timu ya msichana ikawa imeshindwa. Kaka yake, aliyekuwa akingoja pembeni, akamjia kwa hasira: "Kwa nini umesema? Hakuna aliyeona!"

Akamjibu, "Mimi niliona."

(Muziki mfupi.)

Msikilizaji, mchezo ule watoto waliokuwa wakiucheza si wa kubuni tu. Ni mchezo wenye kanuni zinazojulikana duniani. Unaitwa altimeti, au kwa kifupi watu husema frisbi. Una shirikisho lake la dunia, na tangu mwaka 2015 shirikisho hilo linatambuliwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, ingawa mchezo wenyewe bado haujaingia kwenye Olimpiki. Hapa Afrika Mashariki, Kenya na Uganda wanaucheza na wana vyama vyao.

Nikueleze namna unavyochezwa, ili ukizima redio uweze kuujaribu.

Uwanja mkubwa una urefu wa mita 100 na upana wa mita 37. Kila mwisho wa uwanja kuna eneo la kufungia, lenye kina cha mita 18. Timu ina wachezaji saba. Kinachochezwa ni kisahani cha plastiki chenye uzito wa gramu 175. Unapata pointi mwenzako anapokidaka kisahani ndani ya eneo la kufungia la upande mnaoushambulia.

Ukishakidaka kisahani, huruhusiwi kukimbia nacho. Unasimama, mguu mmoja unabaki pale pale, na unamtafuta mwenzako wa kumrushia. Mpinzani anayekukaba anahesabu kwa sauti mpaka kumi. Akifika kumi hujarusha, kisahani ni chao. Kikianguka chini, kikidakwa na wapinzani au kikitoka nje ya uwanja, ni chao pia. Huruhusiwi kumsukuma mtu, kumkumbatia wala kumgonga.

Ufukweni, kama hapa Gisenyi, wanacheza watano kwa watano, miguu mitupu, katika uwanja wa mita 75 kwa 25. Na katika mashindano mengi wasichana na wavulana huwa katika timu moja.

Mpaka hapo utasema: huo ni mchezo kama mingine. Lakini kuna jambo linaloutofautisha na kandanda, na mpira wa kikapu, na voliboli. Hauna refa. Sisemi kwenye mchanga wa Gisenyi tu. Sisemi kwa watoto tu. Hata kwenye mashindano ya dunia, timu ya taifa kwa timu ya taifa, wachezaji ndio wanaoita makosa, na wachezaji ndio wanaokubali au kukataa. Katika mashindano makubwa huweza kuwapo washauri wa kueleza kanuni au kusema walichokiona, lakini mshauri haamui. Anayeamua ni mchezaji.

(Sauti ya watoto wakicheka. Inapotea.)

Kabla sijaenda mbali, niseme neno kuhusu mfuniko wa ndoo. Najua kuna mzazi anayesikiliza na kusema: watoto wetu wanacheza na takataka, wenzao wana vifaa. Mzazi, sikia historia.

Mwaka 1937, huko California, Marekani, kijana mmoja aliyeitwa Walter Frederick Morrison alikuwa akirushiana na mchumba wake mfuniko wa kopo la bisi. Mfuniko ulipobonyea wakachukua sufuria ya kuokea keki. Siku moja ufukweni mtu akawaomba awanunulie ile sufuria kwa senti 25. Wao waliinunua senti 5. Ndivyo Morrison alivyoona biashara. Baadaye akatengeneza kisahani cha plastiki, na mwaka 1957 kampuni ya Wham-O ikaanza kukiuza. Jina Frisbee nalo lilitokana na sahani za pai za kiwanda kilichoitwa Frisbie, ambazo wanafunzi walikuwa wakizirusha wakishakula kilichokuwa ndani.

Na mchezo wenyewe wa altimeti ulianzishwa mwaka 1968 na wanafunzi wa sekondari katika mji wa Maplewood, jimbo la New Jersey. Miongoni mwa viwanja vyao vya kwanza ni eneo la kuegesha magari la shule. Wizara haikuwatuma, wala hawakusubiri mfadhili. Kwa hiyo mtoto wako akirusha mfuniko, anaanzia pale pale walipoanzia wote.

(Muziki mfupi.)

Sasa nikupeleke mbali kidogo, kisha nitakurudisha Gisenyi.

Kila baada ya miaka miwili kuna mashindano ya dunia ya altimeti kwa vijana wenye umri chini ya miaka 20. Mwaka 2018 yalikuwa Waterloo, Canada. Ya mwaka 2020 hayakufanyika kwa sababu ya Covid. Mwaka 2022 yakawa Wrocław, Poland, na mwaka 2024 yakawa Birmingham, Uingereza. Kila timu inavaa rangi za nchi yake. Vijana wengine ndio kwanza wanapanda ndege. Wamejiandaa kwa miezi mingi, wazazi wamechanga pesa, na huko nyumbani watu wanangoja matokeo.

Fikiri kijana wa miaka 17 katika hali hiyo. Zimebaki dakika chache. Mpinzani anasema, "Umenigonga." Wewe peke yako unajua kama ni kweli. Ukikubali, huenda nchi yako ikapoteza mechi. Ukikataa, hakuna wa kukuumbua. Ni swali lile lile lililomkuta msichana wetu hapa ufukweni. Bendera ni kubwa zaidi, lakini swali halikubadilika.

Wachezaji wa mchezo huu wanaita jambo hilo moyo wa mchezo. Limeandikwa kwenye kanuni, tena mwanzoni. Na halikuachwa liwe maneno matupu. Mechi ikiisha, timu zote mbili zinasimama duara moja, mmoja wa huku na mmoja wa kule, mikono mabegani. Wanaambiana lililokuwa zuri na lililowaudhi. Kisha kila timu inawapa wapinzani wake alama katika mambo matano: kwanza, kuzijua kanuni na kuzitumia, pili, kuepuka kugongana, tatu, kuwa na haki, nne, kujitawala na kuwa na tabia njema, tano, namna ya kusema na wenzako. Kila jambo lina alama kuanzia 0 mpaka 4. Mbili maana yake mmecheza vizuri kama inavyotakiwa. Mwisho wa mashindano, mbali na kombe la mshindi, kuna tuzo kwa timu iliyopata alama nyingi za moyo wa mchezo. Timu inaweza kufungwa mechi nyingi na bado ikarudi nyumbani na tuzo hiyo, na wenzao wakawapigia makofi.

(Mawimbi.)

Najua kuna mtu ananiuliza huko aliko: Bwana wa redio, hayo ni ya watu walioshiba. Huku kwetu, ukisema ukweli, mjanja anakula haki yako. Ukikubali kosa, kesho watakubebesha na yasiyo yako.

Ni swali la haki, na sitalikimbia. Kanuni za mchezo huu hazidhani kwamba watu wote ni malaika. Zina njia ya kutokea. Mchezaji akiita kosa, mwenzake ana majibu mawili tu. La kwanza: nakubali. Basi aliyekosewa anapewa haki yake. La pili: sikubali. Hapo kila mmoja anaeleza kwa ufupi alivyoona. Wakishindwa kuafikiana, kisahani kinarudi kwa aliyekirusha, na mchezo unaanza tena kutoka pale. Hakuna anayetangazwa mwongo, wala hakuna anayetangazwa mshindi. Tunarudi mahali pa mwisho ambapo sote tulikuwa tumekubaliana, tunaendelea.

Na hasira zikipanda sana, nahodha anaweza kuusimamisha mchezo. Timu mbili zinafanya duara katikati ya uwanja, wanazungumza, joto linashuka, wanarudi kucheza.

Msikilizaji, hebu lichukue jambo hilo ulipeleke kwenye bomba la maji. Unajua mstari wa bidoni ulivyo asubuhi. Mama mmoja anasema, "Bidoni yangu ilikuwa hapa." Mwingine anasema, "Haikuwapo." Mara tusi limetoka, mara mtu amevutwa kikwembe, na jioni familia mbili hazisalimiani. Kwa nini? Kwa sababu kila mmoja anaona hawezi kuondoka pale mpaka mwenzake aitwe mwongo. Hakuna aliyetaka kurudi mahali pa mwisho walipokubaliana: hebu tukumbuke, nani alikuwa mbele yetu sote? Tuanzie hapo.

Mtoto aliyezoea kusema "sikubali, lakini turudie" akiwa na mfuniko mkononi, siku moja atalisema akiwa na bidoni mkononi. Na mtoto aliyezoea kusema "ni kweli, nilimsukuma" mbele ya wenzake, atakuwa mtu mzima anayeweza kumwambia jirani "nilikosa" bila kuona ameporomoka.

Tena tukumbuke kambi zetu zilivyo. Katika mstari mmoja wa nyumba kuna waliotoka Masisi na waliotoka Rutshuru, kuna Warundi, kuna aliyezaliwa kambini na hajawahi kuiona nchi ya wazazi wake. Wengine wana sababu za kutoaminiana, na sababu hizo hazikuanza jana. Redio haiwezi kuziondoa kwa nusu saa. Lakini watoto wakiweza kucheza dakika arobaini bila refa na bila ngumi, wametufundisha kwamba jambo hilo linawezekana.

(Muziki mfupi.)

Hapa niweke mpaka, na naomba usikilize vizuri.

Kusuluhishana wenyewe ni kwa mambo ya mchezo na ugomvi mdogo wa majirani. Si kwa uhalifu. Mtu akikupiga, akikuibia, akimshika msichana kwa nguvu, akimdhuru mtoto, hilo si jambo la kukaa duara na kushikana mabega. Usikubali mtu yeyote akuambie, "Tulimalize nyumbani." Nenda kwa polisi, nambari ya dharura hapa Rwanda ni 112. Mwambie kiongozi wa kambi au mfanyakazi wa ulinzi wa watoto. Nenda hospitali mapema. Vituo vya Isange viko kwenye hospitali nyingi za wilaya kwa ajili ya waliofanyiwa ukatili, na huduma zake hazilipiwi. Moyo wa mchezo ni kukubali kosa lako. Haumdai aliyeumizwa anyamaze.

(Kimya kidogo. Mawimbi.)

Sasa kuna swali lingine, na hili limeulizwa na vijana wenyewe. Umetuambia habari za timu za taifa. Sisi timu yetu ni ipi? Taifa gani litatuita?

Kijana, sitakudanganya. Mkimbizi hukuta mlango huo ukiwa mgumu. Timu ya taifa inataka karatasi, na karatasi ndizo nyingi zilizobaki nyuma siku ile tulipokimbia. Lakini mlango haukufungwa kabisa, na wapo walioupita.

Popole Misenga alizaliwa Bukavu, kwenye ziwa hili hili ninalolitazama sasa, upande wake wa kusini. Alikuwa mchezaji wa judo wa Kongo. Mwaka 2013 alikwenda Brazil kwa mashindano ya dunia, yeye na mwenzake Yolande Bukasa Mabika, wakaomba hifadhi huko. Mwaka 2016, Olimpiki ilipofanyika Rio, kwa mara ya kwanza kulikuwa na timu ya wakimbizi, watu 10. Hao wawili walikuwemo. Watano wengine walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliotoka kambi ya Kakuma, Kenya. Misenga alishinda pambano lake la kwanza. Hakupata medali, lakini dunia nzima ilisikia jina lake.

Na kuna aliye karibu zaidi. Parfait Hakizimana, Mrundi, alikuwa akiishi kambi ya Mahama, huko Kirehe. Alipokuwa mtoto, vita vilimuua mama yake na vikamharibia mkono. Alijifunza taekwondo, na kambini akawa anawafundisha watoto. Mwaka 2021 alikwenda Tokyo kwenye Paralimpiki, katika timu ya wakimbizi ya watu sita. Yeye pia hakuleta medali. Lakini watoto aliowafundisha Mahama waliona kwamba mwalimu wao, mtu wanayekutana naye njiani kambini, amesimama mbele ya dunia.

Nakutajia hao ujue kwamba inawezekana. Sikuambii kwamba ni rahisi. Na kwa sababu si rahisi, wapo watu wanaouza njia za mkato. Kwa hiyo, vijana na wazazi, chukueni onyo hili. Akija mtu akasema, "Kuna timu ya vijana inakwenda Ulaya, lipa kiasi fulani nikuandikishe," jiulizeni maswali matatu. Kwanza: je, viongozi wa kambi na UNHCR wanamjua? Pili: kwa nini anataka pesa mkononi, tena haraka, tena kwa siri? Tatu: kwa nini anamtaka mtoto bila mzazi wake? Huduma za UNHCR na za washirika wake hazilipiwi. Hati halali ya kusafiria ya mkimbizi hupitia serikali, haipitii mfukoni mwa mtu. Akikudai pesa za mchezo, au akikuambia usimwambie mtu, usimpe kitu. Nenda ukaseme.

Kijana, ukicheza, cheza kwa sababu ya jioni ya leo. Ya Birmingham yakija, yatakukuta umejiandaa. Yasipokuja, jioni ya leo hujaipoteza.

(Muziki mfupi, mchangamfu.)

Haya. Tumebakiwa na dakika chache. Nikupe namna ya kuanza.

Kwanza, tafuta mfuniko wa ndoo ya plastiki, usio na nyufa wala ncha kali. Usitumie mfuniko wa bati, unakata. Ukiwa mgumu sana, uzungushie kitambaa ukingoni na ukishone.

Pili, tafuta mahali. Najua Kiziba na Kigeme ni milimani, na huku Rubavu ardhi nyingi ni mawe ya volkano. Huhitaji mita mia. Kipande kilicho sawa chenye urefu wa hatua 40 kinatosha kwa wanne kwa wanne. Okoteni mawe kwanza. Pembe za uwanja ziwekeni kandambili au magunia, si mawe, maana mtu ataanguka.

Tatu, jifunzeni kurusha. Usitumie nguvu za bega. Shika ukingo, kidole gumba juu, vingine chini, kunja mkono kuelekea kifuani, kisha ufungue na kukizungusha kwa kifundo cha mkono. Kinachokifanya kisahani kipae ni kuzunguka. Kisipozunguka, kinaanguka kama jiwe. Upepo ukiwa mkali, kirushe chini chini.

Nne, na hili ndilo la msingi. Kabla ya kuanza, timu zote mbili zikae pamoja zikubaliane kanuni, kwa lugha ambayo kila mmoja anaielewa. Mkimaliza, simameni duara. Kila timu iwaambie wengine jambo moja jema waliloliona na jambo moja la kurekebisha. Wakubwa mliopo, jizuieni. Najua mdomo utawasha kupiga kelele, "Ilikuwa faulo!" Waacheni waamue. Mzazi akigeuka refa, watoto wataacha kutazamana na wataanza kumtazama yeye.

Na wasichana wacheze. Wasiitwe tu mwisho kujaza nafasi. Mzazi, ukimwachia kaka yake saa moja ya kucheza, mwachie na yeye. Bidoni za nyumbani zinaweza kubebwa kwa zamu.

(Mawimbi. Watoto kwa mbali.)

Msikilizaji, jua linaelekea kuzama hapa Gisenyi. Wavuvi wa sambaza wanaanza kutoka. Mliokaa kando ya ziwa hili mnawajua: mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, nao wanapiga kasia wakiimba ili mikono iende sawa. Hakuna askari anayewapigia filimbi. Mmoja akikosea mapigo, wote wanajua, naye anajirekebisha ndani ya wimbo.

Yule msichana wa Jumamosi, nilimwona tena kabla hajaondoka. Kaka yake bado alikuwa amekunja uso. Lakini yule mvulana aliyesukumwa alimjia, akampa mfuniko, akamwambia, "Kesho uwe timu yangu." Sikusikia alichojibu. Nilimwona anaondoka na mfuniko ule chini ya kwapa, kaka yake akimfuata nyuma.

Swali la juma hili kwa ajili ya vikundi vyenu vya kusikiliza redio ni hili: taja siku ambayo wewe peke yako ulijua kosa ni lako. Ulifanya nini? Ungekuwa na nafasi ya kurudia, ungefanya nini? Wazee nao wajibu, wasiwaachie watoto peke yao.

Mliokaa na wagonjwa, poleni. Mliopokea wageni wapya katika nyumba zenu ndogo, Mungu awaongezee. Tukutane juma lijalo, siku hii, saa hii. Kwaherini.

(Muziki wa kipindi unapanda. Mwisho.)